Mwanangu kaungua analia, wakamchukua kwanza mtoto aliyenyamaza aliyekuja nyuma yetu. Hii ni haki?

#1 BabaWaKwanza
Wakuu salaam. Nina donge kifuani naombeni mnisaidie kulitoa. Juzi usiku dogo wangu wa miaka 3 kavuta mpini wa sufuria ya maji ya moto, yakamwagikia mkono wa kulia wote mpaka bega na kipande cha kifua. Nimembeba mbiombio hospitali, tumefika anapiga kelele mpaka watu wa nje wanachungulia dirishani. Nesi wa mapokezi katutazama, kauliza ameungua saa ngapi na kwa nini, kafunua kaangalia, kamuwekea kitambaa safi kilicholowa, kampa dawa ya maumivu kwa sirinji mdomoni, kasema kaeni hapo mtaitwa.

Tumekaa. Baada ya muda anaingia mama na mtoto wa miezi kama nane tisa hivi kamviringisha kwenye shuka, mtoto kimya kabisa, halii hata kidogo, mimi nikadhani kalala. Yule yule nesi kamgusa nyayo, akambonyeza kidole gumba cha mguu akakiachia, midomo yake naiona inahesabu bila sauti. Hakumaliza hata kuhesabu. Akamnyakua toka kwa mama yake akakimbia naye ndani, mama anabaki na shuka mkononi. Pazia lilikuwa halifungi vizuri nikawa naona: wakamtoboa kisigino wakachukua tone la damu, wakahangaika na mkono kutafuta mshipa hawakupata, halafu nikaona mtu anamchoma sindano nene CHINI YA GOTI, na kama anaizungusha hivi. Nikageuza uso.

Sisi tumekuja kuhudumiwa vizuri baadaye sana. Maswali yangu mawili. Je tulionewa? Na yule mtoto alikuwa na nini, maana kesho yake nimepita kile kitanda ni kitupu, soksi moja tu ndogo iko chini sakafuni, na kila ninayemuuliza anageuza mada.

#2 TembeaUone
Pole sana mkuu, dogo apone haraka. Nimekaa hapa nasubiri wajuvi.

#3 MpigaKambi
Wanajuana hao. Mama mwenye shuka ni shemeji wa mtu pale ndani. Nimemaliza.

#4 NesiZamuYaUsiku
#3 acha hizo. Mimi niko wodi ya watoto mwaka wa kumi na moja sasa, nakwambia ningefanya vile vile na pengine ningekimbia zaidi.

Mleta uzi, sikiliza. Mtoto anayelia kwa nguvu kanipa majibu matatu kabla sijamgusa: njia ya hewa iko wazi, mapafu yanaingiza hewa ya kutosha, na ubongo unapata damu mpaka anajua kwamba anaumia na anakutafuta wewe baba yake. Sisemi haumwi, kuungua kunauma kuliko karibu kila kitu na dawa ya maumivu ni haki yake, na alipewa. Mtoto wa miezi nane anayebebwa na mtu mgeni, anabonyezwa kidole, halafu hashtuki wala hanuni... huyo mwili wake umeshaanza kuacha mambo.

Kile alichokuwa anahesabu: unabonyeza kidole au kucha mpaka panakuwa peupe, unaachia, unaangalia wekundu unarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 3 na mikono na miguu ni ya baridi maana yake damu imeondolewa pembeni ili ikalinde moyo na ubongo. Shirika la Afya Duniani wana utaratibu wao kabisa wa mapokezi ya watoto, unaangalia kwa mpangilio: hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu na degedege, na upungufu mkali wa maji. Ukikuta alama moja tu ya hatari unasimama pale pale unatibu, hata jina hujauliza.

#5 BabaWaKwanza
Asante dada, angalau nimeelewa kidogo. Ila mfupa??? Wametoboa mfupa wa mtoto mchanga?

#6 NesiZamuYaUsiku
Ndiyo. Mtoto aliyepoteza mzunguko mishipa inanywea, unaweza kutafuta dakika ishirini huku anaisha mbele yako. Ndani ya mfupa wa muundi kuna uboho na mishipa yake haisinyai, dawa na maji vinaingia mwilini karibu haraka sawa na mshipani. Inaonekana ya kikatili lakini ikiingia vizuri inakaa wima yenyewe bila kushikwa, ndiyo unajua umefika. Baadaye inatolewa ukishapata mshipa wa kawaida.

#7 MpigaKambi
Sawa nimekubali yaishe. Lakini basi ilikuwa SUKARI. Mleta uzi kasema walimtoboa kisigino, wanapima sukari pale. Mtoto mdogo hana akiba, akigoma kunyonya siku moja huku anaumwa sukari inashuka analegea kama kitambaa. Kesi imefungwa.

#8 Mama_Pacha
Haijafungwa mpaka mnisikilize na mimi. Pacha wangu wa kwanza akiwa na mwaka na miezi mitatu alipandwa na homa mchana, jioni namvalisha nguo naona macho yameenda juu, mwili umekakamaa kisha mikono inaruka ruka, midomo ya bluu. Mimi nimeshaanza kulia kabisa namuaga mwanangu. Baba yao akaona atamsaidia asing'ate ulimi akaingiza KIDOLE mdomoni. Aliumwa mpaka kucha ikang'oka wiki iliyofuata. Tumefika hospitali mtoto ameshaacha anatazama taa, baba ndiye anayetoka damu, nesi anauliza mgonjwa ni yupi 😂

Nacheka sasa ila siku ile sikucheka.

#9 TembeaUone
Mgonjwa ni yupi 😂😂😂 nimekufa

#10 Kivuli_cha_Mwembe
Sisi tuliambiwa ni kijiko ndiyo unaweka siyo kidole.

#11 DkKalamu
Wala kijiko. #10 futa hiyo kichwani tafadhali, vijiko vinavunja meno na jino likivunjika linaweza kuingia kwenye njia ya hewa, hapo una matatizo mawili badala ya moja. Ulimi haumezwi. Mlaze ubavu chini sakafuni, toa vitu vigumu karibu naye, usimshike kwa nguvu, usimpe chochote kwa mdomo, na angalia saa. Saa ndiyo kitu watu wanasahau, kila mzazi anasema ilikuwa nusu saa kumbe ni dakika mbili. Ikipita dakika 5 haijaacha hiyo ni ya kukatishwa kwa dawa na huwezi kuisubiri nyumbani.

Degedege la homa hupata watoto kama 2 mpaka 5 katika kila 100, kati ya miezi 6 na miaka 5. Karibu theluthi moja yao litarudi siku nyingine. Likiwa la kawaida, la mwili mzima, fupi, mara moja tu ndani ya siku, haliharibu ubongo.

#12 Kivuli_cha_Mwembe
Mbona najua mtoto alipata degedege akabaki na ulemavu?

#13 DkKalamu
Wapo, na ndiyo maana tunamchunguza kila anayefika. Mara nyingi hapo kilichoharibu siyo ile homa, ni ugonjwa uliokuwa nyuma yake: malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyokaa chini muda mrefu bila mtu kuipima. Kwa nje degedege linafanana. Kwa hiyo #7 kupimwa sukari siyo ushahidi kwamba tatizo ni sukari, KILA mtoto aliyelegea au anayetetemeka anapimwa, ni kama kuangalia kwanza kama taa imezimwa kabla hujamwita fundi.

#14 MpigaKambi
Daktari unaniharibia kesi yangu.

#15 Zuhura_wa_Pili
Mimi naenda na uti wa mgongo. Mtoto chini ya mwaka shingo haikakamai kama ya mkubwa, unaweza kukuta amelegea tu, hanyonyi, na utosi umevimba juu. Mdogo wangu ilikuwa hivyo hivyo na tulimchelewesha siku moja nzima kwa kudhani ni meno yanaota. Alipona ila sikio moja halisikii mpaka leo.

#16 NesiZamuYaUsiku
Pole Zuhura. Hiyo ya meno inatuletea wengi mno. Meno hayamlegezi mtoto, hayo tuyaache kabisa.

BabaWaKwanza nina swali nililokuwa nalikwepa. Nyumbani kabla ya kuja, ulimuwekea nini?

#17 BabaWaKwanza
😔 Dawa ya meno.

#18 Mama_Pacha
Uwiiii

#19 MpigaKambi
Ili kidonda kiwe na harufu nzuri au?

#20 NesiZamuYaUsiku
#19 mwache mwenzio, nusu ya wanaosoma hapa wangefanya hivyo. Lakini naandika kwa herufi kubwa: MAJI YANAYOTIRIRIKA, ya baridi ya kawaida, DAKIKA 20. Siyo dakika mbili, ishirini kwa saa. Moto ukishatoka juu ya ngozi bado unapika chini, maji ndiyo yanausimamisha. Na kama hukufanya pale pale bado inasaidia mpaka masaa 3 baada ya kuungua. Vua nguo na vitu kama bangili mapema kabla hajavimba, ila nguo iliyogandia ngozi usiibandue. Sehemu nyingine ya mwili mfunike apate joto, watoto wanapoa haraka.

Dawa ya meno, mafuta, unga, vyote vinanilazimu mimi kuja kuvisugua juu ya nyama ili nione kidonda kina kina gani. Unajua anavyolia wakati ule? Ndiyo kilio unachokikumbuka ukifika kwako asubuhi.

#21 Kivuli_cha_Mwembe
Barafu je? Si ndiyo baridi zaidi

#22 DkKalamu
Hapana. Barafu inabana mishipa na kuiumiza ngozi ambayo tayari imeumia, na kwa mtoto mdogo unaweza kumshusha joto mwili mzima.

Nyongeza. Ukitaka kukadiria ukubwa wa kidonda, kiganja cha MTOTO MWENYEWE pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Siyo kiganja chako baba. Na msitumie hesabu za watu wazima, kichwa cha mtu mzima tunakihesabu asilimia 9, cha mtoto mchanga ni 18. Mtoto ni kichwa chenye miguu.

#23 TembeaUone
"Kichwa chenye miguu" naiandika ukutani

#24 Hesabu_Kali
Mmejadili yote hamjagusa dripu. Mtoto amelegea, miguu baridi, unamfungulia maji mengi haraka mwili unajaa anaamka. Mbona inajulikana. Kama walichelewa kumpa maji basi kitanda kitupu kina maelezo yake, sitaki kusema zaidi.

#25 Mzee_wa_Makabrasha
Inajulikana, na ndipo tulipochomwa. Kulikuwa na utafiti mkubwa ulitoka 2011, unaitwa FEAST, ulifanyika Kenya tu kama sikosei, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu. Waliopewa maji mengi ya haraka walikufa ZAIDI kuliko wasiopewa. Watu hawakuamini. Mimi mwenyewe sikuamini.

#26 DkKalamu
Marekebisho kidogo mzee wangu, ulikuwa Uganda, Kenya na Tanzania, watoto 3,141. Ndani ya masaa 48 walifariki kama 10.6 kwa 100 kwenye waliopewa maji ya haraka, na 7.3 kwenye wasiopewa. Ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu tofauti ilikuwa inaonekana.

Ila #24 na wewe usiondoke na nusu ya habari. Watoto wenye kuharisha na kutapika hawakuwemo kwenye utafiti ule, wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, walioungua hawakuwemo. Kwa aliyekaushwa na kuharisha maji bado ndiyo dawa. Kwa hiyo swali la "kwa nini hawakumpa maji" au "kwa nini walimpa" halijibiki bila kujua ana nini, na hatujui ana nini.

#27 Hesabu_Kali
Kwa nini maji yaue lakini? Hapo ndipo mnaponiacha.

#28 DkKalamu
Wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema moyo uliochoka unazidiwa, wengine kwamba damu ambayo tayari ni pungufu inachujuka zaidi, wengine chumvi nyingi ya kwenye yale maji inavuruga asidi ya damu. Mimi niko upande wa moyo ila sitapigana na mtu.

#29 Mzee_wa_Makabrasha
Mimi damu. Mtoto wa kilo 8 ana damu kama mililita 640 mwili mzima, haijai hata chupa ya lita moja. Ana malaria imeshakula sehemu, wewe unaongeza maji, unabaki na juisi.

#30 Mama_Pacha
Samahani kuna kitu sijaelewa, mbona dozi zinatoka haraka hivyo, wanampima uzito saa ngapi na mtoto anakufa?

#31 NesiZamuYaUsiku
Swali zuri Mama Pacha. Hatumpimi. Kuna tepu maalum, inaitwa tepu ya Broselow kwa jina la daktari wa Marekani aliyeibuni, unamlaza mtoto unanyoosha tepu kichwani mpaka kisigino, unapoishia kuna rangi, na rangi ina uzito na dozi na saizi ya mrija. Kusipokuwa na tepu tunatumia hesabu ya umri: miaka ongeza 4 zidisha kwa 2. Wa miaka 3 anakuwa kilo 14.

#32 BabaWaKwanza
Wangu ana miaka 3 na kilo 19.

#33 MpigaKambi
Huyo ndiye aliyeivuta sufuria au sufuria ilimkimbia?

#34 NesiZamuYaUsiku
😂 Ndiyo maana tunapendelea tepu. Na mzazi ukijua uzito wa mwanao wa karibuni useme mlangoni, bila kuulizwa. Na ukileta mtoto aliyekunywa kitu leta na chupa yake.

#35 Betri_Imekwisha
Naingilia kidogo kwa sababu ya #34. Jina langu hapa siyo utani. Binti yangu wa mwaka mmoja na nusu alimeza betri ile bapa ya rimoti. Hatukumuona. Alikuwa anatoa mate mengi na kukataa kula, tukapewa dawa ya koo tukarudi nyumbani. Siku ya pili picha ya eksrei ikaonyesha duara, yule wa pale kwanza akasema ni sarafu, mwenzie akaisogeza karibu akasema hapana, angalia ukingo, kuna duara ndani ya duara. Alivyosema hivyo watu wote chumbani wakabadilika.

Betri ikikwama kooni umeme unapita kwenye nyama yenye unyevu unatengeneza kitu kama magadi makali, ndani ya masaa 2 inaanza kuchoma. Yeye ilikaa zaidi ya siku. Leo ana miaka 5, anameza chakula laini tu na kila baada ya muda anapanuliwa koo. Naandika ili mtu aende sasa hivi aangalie kifuniko cha rimoti yake kama kina skrubu.

#36 TembeaUone
Nimetoka kuangalia. Cha kwangu kimefungwa kwa selotepu.

#37 DkKalamu
Pole sana #35. Kwa faida ya wengine: mtoto aliyezidi mwaka 1 na amemeza betri ndani ya masaa 12 yaliyopita, mnaweza kumpa asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 MKIWA NJIANI, isizidi mara sita, inapunguza kuungua. Siyo badala ya kwenda, na msimame hata dakika moja kutafuta asali kama haipo. Chini ya mwaka 1 hakuna asali. Na msimtapishe.

#38 DkKalamu
*MSISIMAME. Nimekosea kuandika hapo juu, msisimame kutafuta asali.

#39 Hesabu_Kali
Afadhali umerekebisha, mtu angesimama kweli.

#40 Zuhura_wa_Pili
Turudi kwa mtoto wa soksi. Nimeongea na binamu yangu yuko upasuaji, anasema umri ule ule wa miezi nane tisa kuna utumbo kujiingiza ndani ya utumbo. Mtoto analia kwa vipindi anakunja miguu, kisha ananyamaza, baadaye kunyamaza kunakuwa kwingi kuliko kulia. Watu wanadhani ametulia. Mleta uzi ulimuona mama ana wasiwasi au alikuwa wa kawaida?

#41 BabaWaKwanza
Alikuwa anasema neno moja tu, "alikuwa anacheza". Anarudia. "Alikuwa anacheza."

#42 NesiZamuYaUsiku
Wote wanasema hivyo na wote wanasema kweli. Mtoto anajikaza kuliko mtu mzima, moyo unakimbia, mishipa inabana, presha inabaki nzuri mpaka dakika za mwisho, halafu anaporomoka kwa mkupuo. Presha ikishuka kwa mtoto umeshachelewa. Ndiyo maana tunaangalia vidole.

#43 Mzee_wa_Makabrasha
Na kitanda kitupu kina maana nyingi. Amehamishiwa chumba cha mahututi. Amepelekwa hospitali kubwa zaidi. Amepona, watoto wa sukari huamka dakika hiyo hiyo wanadai kunyonya. Au lile lingine.

#44 MpigaKambi
Umesema sukari. Nimeisikia.

#45 BabaWaKwanza
Mrejesho wakuu. Leo tumeenda kubadilisha bandeji, malengelenge yamekauka, daktari kasema bega halitahitaji kupandikizwa ngozi, kifuani ataangalia tena wiki ijayo. Dogo kamwambia nesi "wewe mbaya" kisha akamuomba bomba la sindano tupu la kuchezea. Kapewa.

Nimemuuliza yule nesi wa mapokezi uso kwa uso. Kanijibu kwa upole tu, habari za mgonjwa mwingine hawezi kunipa. Nimekubali. Ila ile soksi niliiokota siku ile nikaiweka kwenye kaunta yao pembeni ya boksi la glavu, na jana nilipopita kuchukua dawa bado ilikuwepo. Leo haipo.

#46 Mama_Pacha
Mama yake kaifuata. Nasema kaifuata.

#47 Hesabu_Kali
Au mfagiaji.

#48 Mama_Pacha
Hesabu_Kali nenda kalale.

#49 Zuhura_wa_Pili
Wa soksi awe mzima huko aliko. Binamu yangu bado anasema utumbo.

#50 MpigaKambi
Sukari.